Mbuke Nkuba Wawili

Kama mkasa huu ulikupita wiki iliyopita, ndugu msomaji, shika haya machache twende pamoja.

Siwema binti Othmani, mtoto wa mfanyabiashara wa mpunga pale Rujewa mwenye duka pia Mbeya mjini, alishindwa mtihani wa darasa la saba mwaka 1974. Rafiki yake wa dawati moja, Mbuke Nkuba, binti wa mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, alifaulu. Tena alichaguliwa kwenda sekondari ya serikali ya wasichana, Iringa.

Lakini barua ya Mbuke haikumfikia Mbuke. Mwalimu mkuu wao, Gideoni, aliitia mfukoni, na kutoka hapo ikahamia mfukoni mwa Mzee Othmani. Mbuke akaambiwa amefeli. Siwema akapanda basi la Iringa na jina lisilo lake.

Mwaka mmoja na nusu sasa analiitikia jina hilo. Tulimwacha Ijumaa mchana mbele ya ubao wa matangazo. Kesho yake shule moja ya kulipia kutoka Mbeya ilikuwa inakuja kwa mdahalo. Na jina la tatu kwenye orodha ya wageni lilikuwa Mbuke Nkuba.

"Una somo yako!" Roza alimpiga begani. "Umeona? Lako lile lile, na la baba lile lile!"

Roza alikuwa kiranja wa midahalo, msichana wa Kihehe asiyejua kuweka jambo moyoni. Hakuwa na hila hata punje. Hilo ndilo lililomtisha Siwema.

"Akina Nkuba wako wengi," alisema. "Usangu ukirusha jiwe unampata mmoja."

"Basi nitawatambulisha pamoja. Ukumbi mzima utacheka!"

Siwema naye akacheka.

Jumamosi, kengele ya kwanza ilipolia, alikwenda zahanati ya shule akiwa ameshika tumbo. Matroni alimpima, akamtazama kwenye macho, akamwambia atoe ulimi.

"Huna homa wewe."

"Tumbo linakata, mama."

"Linakata kwa sababu ya mdahalo. Msemaji mkuu wa shule anaogopa watoto wa shule ya kulipia! Nenda kapige pasi sketi yako."

Ndivyo ilivyokuwa. Siwema ndiye aliyekuwa msemaji mkuu. Babu zake walitoka Kilwa, na Kiswahili kilimtoka kinywani bila kujikwaa. Mwanzoni mwalimu mmoja aliuliza imekuwaje Msukuma azungumze hivyo. Alijibu kwamba mama yake ni mtu wa pwani. Uongo wa kwanza ukazaa, na watoto wake wakazaa.

Kwenye fomu Mzee Othmani alijaza dini ya Mbuke, Mkatoliki. Kwa hiyo kila Jumapili Siwema alipiga magoti kanisani pamoja na wenzake, akichezesha midomo. Ramadhani iliyopita alifunga kwa siri, uji wake akimgawia jirani yake wa kitanda kwa kisingizio cha kiungulia. Aliomba msamaha kwa Mungu kimoyomoyo, hajui hata alipaswa kuanzia wapi.

Alizoea yote. Kitu kimoja tu hakukizoea, kuitwa. Kila mtu aliposema "Mbuke," moyo ulishtuka kwanza, ndipo mdomo ukaitika.

Saa nne lori likaingia.

Siwema alichungulia kwenye dirisha la bweni. Wasichana walikuwa wanaimba, wanawapokea wageni kwa salamu ya Kihehe, "Kamwene! Kamwene!" Wageni waliruka chini mmoja mmoja, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, wanatetemeka kwa baridi.

Wa pili kutoka mwisho alikuwa ni yeye, Mbuke.

Alikuwa amerefuka, amekonda. Sweta lake lilifumwa nyumbani, na kijani chake hakikulingana na cha wenzake. Lakini alishuka vile vile alivyokuwa akishuka kwenye mti shuleni Rujewa, miguu yote miwili kwa mkupuo, kisha akatazama huku na huku kama mwenye kuhesabu ng'ombe.

Siwema alikimbilia chooni, akajifungia.

"Mbuke!" Roza huyo, anagonga. "Toka! Bibi Mkuu anakuita. Sasa hivi, amesema!"

Hapo alijua yamekwisha.

Mkuu wa shule, Mwalimu Andendekisye, alikuwa mama mnene wa Tukuyu ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Alimkuta amesimama mlangoni pa bwalo, mikono kiunoni.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Mbuke, nataka uniambie ukweli."

Siwema alifungua mdomo. Mkuu hakumngoja.

"Wageni ni kumi na wawili. Nani amepanga vikombe kumi?"

"Si... sijui, mwalimu."

"Ongeza viwili. Halafu wewe mwenyewe uwamiminie chai. Msemaji mkuu ndiye mwenyeji."

Angeweza kukataa kwa neno gani? Alichukua birika. Alipita meza ya kwanza kainamisha uso. Meza ya pili, mkono wenye kovu la mundu ulisogeza kikombe, na alilijua kovu lile. Walikuwa pamoja shambani siku lilipopatikana.

"Siwema?"

Chai ilimwagika mezani.

"We Siwema! Ni wewe!" Mbuke aliruka kutoka kwenye benchi, akamkumbatia na birika lake. "Kumbe ulipita! Mwalimu Gideoni alisema hakupita msichana hata mmoja! Muongo yule! Lo, nimefurahi mimi!"

Hakujua. Siwema aliona usoni mwake, hakujua lolote. Na furaha ile ilikuwa mbaya kuliko kofi.

"Siwema ndiye nani?" Roza aliuliza. Alikuwa nyuma yao na sahani ya mihogo.

"Jina la nyumbani," Siwema alisema upesi. "Tulikuwa jirani."

Roza akaenda zake na mihogo. Siwema akamvuta Mbuke dirishani.

"Usiniite hivyo hapa. Nakuomba."

"Kwa nini?"

"Nitakueleza. Wewe... wewe ukoje? Nyumbani hawajambo?"

Mbuke alitazama nje. "Unamkumbuka dada Milembe? Ameolewa Madibira. Hakutaka. Yule mume ni mtu mzima, ana wake wawili. Lakini baba alisema zizi letu halitoshi ada ya miaka minne, na mimi nililia sana nilipofeli. Basi ng'ombe wa mahari ya Milembe ndio wananisomesha. Siku anaondoka aliniambia, soma na sehemu yangu pia. Kwa hiyo nasoma."

Siwema alishika kizingiti cha dirisha. Milembe alikuwa anawasuka nywele wote wawili, uani kwa Mzee Nkuba.

"Mbuke," alianza, "kuna kitu..."

Kengele ikalia. Watu wakaanza kuelekea ukumbini.

Hoja iliandikwa ubaoni kwa chaki: SHULE ZA KULIPIA ZIFUTWE. Wenyeji wanaunga mkono, wageni wanapinga. Roza alisimama kwenye kiti cha mwenyekiti, akatabasamu hadi magego yakaonekana.

"Ndugu zangu, leo tuna kioja. Msemaji wetu mkuu anaitwa Mbuke Nkuba. Na msemaji wa tatu wa wageni anaitwa, sikilizeni vizuri, Mbuke Nkuba! Wasimame tuwaone!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko na makofi.

Mbuke wa kweli alisimama akicheka, akageuza shingo kumtafuta somo yake. Macho yalipita mstari mzima. Yakafika kwa Siwema, ambaye naye alikuwa amesimama, kwa sababu mia tatu walikuwa wanamtazama na kukaa kusingewezekana.

Kicheko cha Mbuke hakikuzimika mara moja. Kilififia kidogo kidogo, kama mtu anayesoma barua ndefu. Kisha akakaa.

Wageni waliachiwa heshima ya kuanza, na msemaji wao wa kwanza, Asukile, akasimama. "Mlango wa serikali ni mwembamba," alisema. "Darasa zima linafanya mtihani, anapita mmoja au hapiti mtu. Waliobaki si wajinga, nafasi ndizo hazipo. Sisi tuliosukumwa nje tumejijengea kibanda chetu. Ninyi mlio ndani ya nyumba ya bati, mnataka mkichome?"

Hata wenyeji walimpigia makofi.

Zamu ya Siwema ikafika. Hotuba aliijua kwa kichwa, aliiandika mwenyewe wiki mbili nyuma. Sauti ilitoka nyembamba, si yake.

"Ndugu mwenyekiti. Shule ya kulipia ni duka. Mwenye fedha huingia, asiye nazo hubaki barazani. Lakini shule ya serikali haimuulizi mtoto baba yako ana nini. Inamuuliza, kichwani una nini. Mtoto wa mfugaji na mtoto wa mfanyabiashara wanafanya mtihani mmoja. Na kiti... kiti kinamwendea mwenye haki nacho."

Alipokaa hakutazama upande wa wageni.

Mbuke akaitwa. Alikwenda mbele bila karatasi.

"Mimi sitaitetea shule yangu," alisema. Watu wakanong'ona. "Msemaji amesema kweli, ni duka. Walimu wanne, kitabu kimoja watu watatu. Lakini baba yangu alinunua humo kwa sababu aliambiwa serikali imempima mtoto wake, imeona kichwa kitupu. Aliamini. Nani asiyeamini serikali? Mwenyekiti, naruhusiwa kumuuliza msemaji wenu swali moja?"

"Ruksa!" Roza alisema.

"Namba yake ya mtihani wa darasa la saba ilikuwa ngapi?"

Wengine walicheka. Swali gani hilo? Lakini Siwema alilielewa. Kila aliyefanya mtihani ule anaikumbuka namba yake hadi kufa. Siwema alizikumbuka mbili, yake iliyofeli, na ile ambayo baba yake alimkaririsha ndani ya basi, kutoka Rujewa mpaka Makambako, aseme na aseme tena.

Akitaja yake, faili la shule litamsuta. Akitaja ile nyingine, atasutwa na mwenye namba aliyesimama pale.

"Jibu, Mbuke!" wenzake walimhimiza. "Mjibu!"

"Thelathini na saba," alisema.

Mbuke aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa saa. "Ahsante, mwenyekiti," alisema. "Sina zaidi."

Wakapiga kura. Hoja ikapita. Ukumbi mzima ukaimba kwamba haki imeshinda, na Siwema akabebwa mabegani hadi mlangoni, anaona vichwa tu.

Mbuke alikuwa anamngoja nyuma ya jiko, penye rundo la kuni. Hakuwa analia.

"Nani alijua?"

"Baba. Na Mwalimu Gideoni."

"Na wewe?"

Angeweza kusema alikuwa mtoto, hakuelewa. Alikuwa ameipanga sentensi hiyo miezi mingi.

"Nilijua," alisema. "Nilijua tangu siku ya kwanza."

"Ulikula kwetu, Siwema. Mama alikuwa anakuwekea maziwa."

"Nisamehe. Nisamehe, Mbuke. Nilikuwa naogopa, bado naogopa, sijalala vizuri tangu..."

"Lori linaondoka saa kumi. Kabla halijaondoka, twende kwa mkuu wa shule. Useme wewe. Usiposema, nasema mimi."

"Watamfunga baba!"

"Na dada yangu je? Yeye hajafungwa?"

Siwema alimshika mkono. Maneno yakamtoka kabla hajayapima. "Baba atalipa. Atakulipia ada yote, hadi kidato cha nne, hata sare. Nitamwandikia leo."

Mbuke aliuvuta mkono wake kwa nguvu, kovu likapita vidoleni mwa Siwema.

"Unaninunulia kibanda," alisema, "kwa nyumba yangu mwenyewe?"

Siwema alisimama pale anasikia moshi wa jiko unamchoma macho, na alijua kwamba asipotembea sasa hatatembea tena.

"Twende," alisema.

Wakati huo huo Roza akatokea anakimbia, na safari hii hacheki.

"Mbuke, nimekutafuta kote. Bibi Mkuu anakutaka ofisini. Kuna mgeni wako, mzee. Nadhani... nadhani si habari nzuri."

Walikwenda wote wawili. Roza alitaka kumzuia Mbuke, lakini hakuzuilika.

Ndani ya ofisi, kwenye kiti cha wageni, alikaa Mzee Othmani. Amevaa kanzu na koti jeusi, kofia ameishika magotini. Alipomwona binti yake aliinuka. Alipomwona aliye nyuma yake, alirudi kitini bila kujijua.

"Kaa, mwanangu," Mwalimu Andendekisye alimwambia Siwema, na sauti yake ilikuwa ya mama kabisa. "Mjomba wako ametoka Mbeya tangu alfajiri kukufuata. Mbuke, jikaze. Baba yako, Mzee Nkuba, hatunaye tena."

Kelele iliyosikika haikutoka kwa Siwema.

"Baba? Baba yangu?" Mbuke aliushika ukuta. "Baba yangu mimi?"

Mkuu wa shule aligeuka. "Na wewe ni nani?"

"Mimi ndiye Mbuke! Baba kapatwa na nini? Semeni!"

Mwalimu Andendekisye alimtazama huyu, akamtazama yule. Mzee Othmani alikuwa anautazama mlango.

Siwema alielewa, au alidhani ameelewa. Baba yake alikuwa amesikia kwamba shule ile inakuja Iringa. Amekuja kumtoa kabla ya mambo kuharibika, na amebuni msiba. Aliyeweza kuchukua jina la mtoto wa mwenziwe, atashindwa nini kumuua baba mtu kwa mdomo? Na Mbuke alikuwa ameshuka sakafuni, anaomboleza kwa Kisukuma, anaita baba, baba.

Hofu haikumtoka Siwema. Alisema nayo.

"Mwalimu, ni uongo. Mzee Nkuba hajafa. Huyu si mjomba wangu, ni baba yangu mzazi. Mimi naitwa Siwema Othmani. Nilifeli darasa la saba. Nafasi hii ni ya huyu aliye chini, tulimwibia. Yeye ndiye thelathini na saba."

Nje wasichana walikuwa bado wanaimba ushindi wao.

Siwema alipiga magoti, akamshika Mbuke mabega. "Usilie. Hajafa. Anasema uongo ili anitoe hapa. Baba, mwambie! Mwambie hajafa!"

Mzee Othmani aliigeuza kofia yake mara moja, mara ya pili.

"Siwema, mwanangu," alisema. "Laiti ungeninyamazia."

"Mwambie!"

"Siwezi. Mengine yote nilisema uongo. Hilo siyo. Jana saa nane alikuja dukani kwangu Mbeya. Kuna mtu kamwonyesha orodha ya zamani ya waliochaguliwa. Alikuja na karatasi yenyewe mkononi, hajui kuisoma, ananionyesha jina la binti yake kwa kidole. Tulikuwa wawili tu."

Mbuke aliacha kulia. Aliinua uso.

"Wawili tu," Mwalimu Andendekisye alirudia taratibu. "Na ametokaje humo dukani, mzee?"

Siwema alimtazama baba yake. Kwa mwaka mmoja na nusu alikuwa ameogopa watu wote isipokuwa yeye.

"Baba," alisema, akarudia. "Baba. Ulimfanya nini?"

Mkuu wa shule alinyanyua simu na kushika mpini wa kuizungusha. Mzee Othmani akainuka. Hakumtazama mtu. Alikwenda mlangoni kwa hatua mbili, akausukuma ukafungika, kisha akaugeuza ufunguo, naye akiwa ndani pamoja nao.